Niazime Bega

Watu wa mtaa walimwita Bi Pua, na mgeni aliyelisikia jina hilo kabla ya kumwona alitarajia mwanamke mwenye pua ya kutisha. Akimwona, alichanganyikiwa. Pua yenyewe ilikuwa ndogo, imekaa usoni kama kifungo cha shati kilichoshonwa kwa haraka. Lakini kazi iliyofanywa na kifungo hicho kwa miaka thelathini, wenye pua za kujivunia hawakuiweza hata robo. Ungepita mbele yake na manukato uliyojipaka jana asubuhi, angekwambia ndani mna nini, kipi kimezidi, na kama uliyapaka kwa furaha au kwa kuwahi kazini. Hilo la mwisho alikuwa anabahatisha, ila hakuwahi kukiri.

Basi mtu wa namna hiyo akirudishiwa chupa, ni habari ya kusimulia. Na mwaka ule alirudishiwa tatu.

Ya kwanza mwenyewe hakutoa sababu. Ya pili ililetwa na fundi saa, mteja wa siku nyingi, akasema mbwa wake hakai naye chumba kimoja tangu aanze kuyatumia. Ya tatu aliirudisha mwalimu wa hesabu, mama mnyoofu asiyejua kuremba maneno. Aliiweka juu ya kaunta, akaisukuma mbele kwa kidole kimoja.

"Bi Pua, usinikasirikie. Nikijipaka hii naona kama kuna mtu amelala chumba cha pili."

"Mtu gani?"

"Sijui. Mgonjwa. Nimekwenda kuchungulia mara mbili, na mwenzio naishi peke yangu."

Bi Pua alifungua chupa, akatia tone kwenye kipande cha karatasi, akakipunga, akanusa. Waridi. Mchaichai. Msandali. Chini kabisa nta ya nyuki, ile yenye utamu mzito wa asali, kidogo tu, ya kuwashikilia wenzake wasitoroke. Hakukuwa na mgonjwa wala mzima.

"Una mafua, mwalimu," alisema.

Mwalimu alimtazama kwa huruma, akaenda zake, na chupa akaiacha pale pale.

Karakana ilikuwa nyuma ya duka. Chumba kirefu chenye dirisha moja, rafu za vichupa vya kahawia kutoka sakafuni hadi darini, mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo isipeperushwe na pumzi, na meza mbili zilizosogezwa zikagusana ubavu kwa ubavu. Meza ya kulia ilikuwa ya Bi Pua. Ya kushoto ilikuwa ya dada yake mkubwa, na kwa miezi saba hakuna aliyeikalia. Juu yake, kwenye msumari, lilining'inia koti jeupe la kazi.

Kazi hii ina jambo moja ambalo wasioifanya hawalijui. Pua huchoka upesi kuliko mguu. Ukinusa vitu vitano mfululizo, cha sita hukisikii sawasawa, na cha saba utakisifu bure. Kwa hiyo kila fundi wa manukato ana mahali pa kuirudisha pua yake nyumbani ipumzike. Wengi hunusa kiwiko chao wenyewe, pale ndani kwenye mkunjo. Wengine hunusa kitambaa cha sufi. Bi Pua alinusa bega la dada yake.

"Niazime bega," alikuwa akisema, na Dada, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, aliinama kidogo kumsogezea. Bega la kulia, lililo upande wa mdogo wake. Pumzi moja, basi, kila mtu na shughuli yake. Mara kumi kwa saa, siku sita kwa wiki, miaka thelathini. Pale begani walipaita sifuri. Chochote kilichonukia pale, pua ya Bi Pua ilikihesabu kuwa si kitu, na hesabu nyingine zote ilizianzia hapo.

Walikuwa wamegawana kazi. Bi Pua alitunga, Dada alipunguza. "Wewe unawaingiza watu ukumbini," Dada alisema, "mimi nawatoa wasioalikwa." Lakini hakuwa mtu wa kufagia kila kitu nje. Mwanafunzi yeyote aliyepita pale alifundishwa somo moja kabla ya kuruhusiwa kushika mrija wa kudondoshea: asumini halisi ina uvundo ndani yake, mdogo sana, wa choo cha mbali. "Uutoe wote," Dada alimwambia, "utabaki na sabuni. Ua lililo hai lina uozo wake. Kazi yako ni kujua ni matone mangapi."

Ini ndilo lililomuua. Madaktari walisema liligundulika likiwa limeshamaliza kazi yake. Jambo lililomtafuna Bi Pua halikuwa kifo, maana kifo kila mtu anacho. Wiki ya mwisho wodini, muuguzi mmoja alimwambia kwa wema kwamba wagonjwa wa namna ile hufika hatua wakawa na harufu tamu-tamu, na wao wauguzi wanaijua kutoka mlangoni. Bi Pua aliinama juu ya kitanda akanusa shingo ya dada yake. Hakusikia kitu. Alinusa tena. Yeye, Bi Pua, aliyetambua tone moja lililozidi ndani ya pipa, alisimama kando ya kitanda akiwa mjinga kuliko mfagiaji wa wodi, na aibu ile hakuna aliyempa pole yake.

Siku mbili kabla ya kuondoka, Dada alimshika mkono. "Koti langu la kazi lifue."

"Nitalifua."

"Lifue, nimesema."

Bi Pua alidhani ni usafi wake wa siku zote. Baada ya maziko alirudi karakana, akalitungua koti, akalipeleka hadi kwenye beseni. Akalinusa. Kisha akalirudisha msumarini. Angelifuaje? Ndilo bega pekee lililobaki.

Tangu siku hiyo alifanya kazi kama zamani. Akichoka pua, aligeuka kushoto, akasema, "Niazime bega," akanusa koti. Na asubuhi nyingine, dirisha likiwa limefungwa na hakuna hata upepo, angeapa kwamba koti limeinama kidogo kumsogelea. Hakumwambia mtu. Hakuogopa pia, na hilo lingetosha kumwogopesha mtu mwenye akili timamu.

Dada aliacha mtoto mmoja wa kike, mpima ardhi, binti wa buti na kofia, anayeongea kwa kifupi kama anayelipia maneno. Kazi yake ilimweka mbali na nyumbani miaka mingi. Miezi minne iliyopita alikuja karakana, akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, nitengenezee mama."

"Nini?"

"Harufu yake. Kwenye chupa. Sauti ninayo kwenye simu, picha ninazo. Harufu imeanza kunipotea. Juzi nimeamka siikumbuki mpaka mchana."

Alitarajia kusafiri Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne, kwenda kupima barabara ambako angekaa miaka miwili. Bi Pua alikubali kabla sentensi haijaisha. Alijua kwamba ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na kwamba akishindwa hii, hana haki ya kuitwa lile jina.

Alishindwa mara arobaini. Sabuni ya mche, ile ya kufulia, aliipata jaribio la pili. Wino wa kijani aliokuwa akiutumia Dada aliupata la sita. Joto la ngozi, la kumi na tisa. Lakini kila alipomkaribia Dada mwenyewe, harufu ilizimika. Alinusa karatasi, akasikia wino, akasikia sabuni, halafu shimo. Akaongeza nta ili kuliziba shimo. Matone manne. Akageuka, akanusa koti, akarudi. Shimo lipo. Matone tisa. Koti. Shimo lipo. Matone ishirini. Jaribio la arobaini na moja alilitia chupani kwa sababu siku zilimwishia, akajiambia kwamba ametunga kazi nyepesi mno, na kwamba wepesi nao una uzuri wake.

Jumatatu ya wiki ya safari, mpima ardhi alikuja kuchukua. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akavua kofia, akafungua chupa.

Aliifunga papo hapo. Akaiweka chini, akajiziba pua na mdomo kwa kiganja, akainamia magoti yake.

"Mwanangu?"

"Hii ni wodi." Sauti ilitokea kwenye vidole. "Hiki ni kitanda chake. Siku ile ya mwisho. Mama mdogo, nimekuomba mama, umenipa maiti!"

Bi Pua alinyang'anya chupa, akanusa. Sabuni, wino, ngozi. "Hakuna kitu kama hicho humu."

"Kimejaa!"

"Mimi ndiye fundi hapa, au wewe?" Alikuwa amekasirika, na mtu mwenye hasira hurudi kwenye mazoea yake. Aligeuka kushoto, akalivuta koti usoni, akavuta pumzi ndefu.

Mpima ardhi aliinua kichwa. "Unafanya nini?"

"Nasafisha pua."

Binti alisimama, akalisogelea koti, akanusa. Akarudi nyuma hatua mbili hadi akagonga rafu, vichupa vikalia.

"Ni humu," alisema. "Harufu ile ile. Imetoka humu."

"Koti halinuki kitu."

"Kwako." Alivuta pumzi, akatafuta maneno, na yalipokuja yalikuwa mengi kuliko kawaida yake. "Sikiliza, mama mdogo. Sisi tukienda kupima shamba, kwanza tunatafuta kigingi cha mwanzo. Kila kitu kinapimwa kutoka pale. Kigingi kikihama hatua moja, shamba zima limehama, na ramani itatoka safi, imenyooka, na ya uongo. Wewe kigingi chako kimehama. Mama aliugua ndani ya koti hili, na wewe unalinusa kutwa nzima kama sifuri. Huwezi kuisikia. Ndiyo maana unaiongeza."

Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na koti hili akilini, lakini wangelipata, wangelitundika ukutani kama mfano.  Bi Pua akamkumbuka mwalimu wa hesabu akichungulia chumba cha pili. Akakumbuka mbwa wa fundi saa. Akasogea kando ya msumari.

Mpima ardhi alilitungua koti, akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga mafundo mawili, na mfuko akautia kwenye mfuko mwingine. "Siku tano. Madirisha wazi. Jumamosi nakuja nalo."

Siku ya kwanza bila koti, Bi Pua hakufanya kazi hata kidogo. Ya pili alisafisha rafu zilizokuwa safi. Mkono wake uligeuka kushoto wenyewe mara kumi kwa saa, na kila ulipogeuka ulikuta msumari. Siku ya tatu, kwa kukosa cha kushika, alichukua daftari.

Lilikuwa la wote wawili. Ukurasa wa kulia aliandika Bi Pua fomula yake, jinsi alivyoitunga. Ukurasa wa kushoto Dada aliandika kwa wino wa kijani alichopunguza, na chupa zilijazwa kwa hesabu ya kushoto. Katika miaka thelathini Bi Pua hakuwahi kusoma ukurasa wa kushoto. Angeusoma ili iweje? Ungekuwa ugomvi kila siku. Baada ya msiba hakuweza kuutazama mwandiko ule, akawa anajaza chupa kwa hesabu yake ya kulia. Sasa alilifungua kwenye kurasa za mwaka uliopita.

Kulia, kwa mkono wake mwenyewe: nta, matone manne. Kushoto, kijani: mawili. Ukurasa wa pili: nta saba. Kijani: mawili. Wa tatu: tisa. Kijani: mawili, na pembeni, kwa herufi ndogo, *Haisikii nta. Kwa nini?*

Alifunua. *Pua yake haijaharibika. Waridi anaisikia, mchaichai anausikia mpaka nusu tone. Ni nta tu. Ameizoea. Ameizoea kutoka wapi?*

Alifunua tena. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na maneno mawili. *Kutoka kwangu.*

Bi Pua alikaa. Kiti alichokalia kilikuwa cha Dada, na hakukumbuka kukisogelea. Kurasa mbili mbele tarehe ilikuwa imeandikwa, na chini yake: *Nimetoka kwa daktari. Ndivyo, na hakuna la kufanya. Pua yake imejua kabla ya vipimo, mwenyewe ndiye hajui. Asiambiwe. Akijua hataniomba bega tena.*

Na kwenye ukurasa wa mwisho wenye kijani, mwandiko umelegea: *Koti lifuliwe, la sivyo atakuja kuwauzia watu ugonjwa wangu.*

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Bi Pua alisema kwa sauti, kwa hasira, akimwambia mtu ambaye hayupo. Lakini haikuwa kweli, na alijua. Kifo hakikumuumbua Dada. Aliyemuumbua alikuwa yeye, tone baada ya tone, kwa mwandiko wake mwenyewe, na Dada akakaa pale mwaka mzima akiinamisha bega kila alipoombwa. Alilia mpaka pua ikaziba, na hilo nalo alilifurahia, maana kwa mara ya kwanza hakutaka kunusa chochote.

Jumamosi asubuhi mpima ardhi alikuja na mfuko. Daftari lilikuwa limefungiwa kabatini.

"Uko tayari?"

"Bado. Kaa pale." Bi Pua alimwonyesha kiti cha kushoto. Kisha akasema neno ambalo kwa miezi saba alikuwa akiliambia kitambaa. "Niazime bega."

Binti hakuwa amefundishwa. Alikaa wima kama nguzo ya umeme, na Bi Pua ilibidi amfuate. Jua, vumbi la barabara, sabuni ya unga, chini yake ngozi ya kijana mwenye afya. Alinusa mara tatu, polepole, akajiwekea kigingi hapo. Kisha akafungua mafundo, akaingiza uso mfukoni.

Dada alikuwa ndani. Si kipande chake, si wino peke yake wala sabuni peke yake. Alikuwa mzima, kama alivyokaa kwenye kiti kile, joto la shingo, nywele, na ule ukavu wa mtu anayekaa na karatasi kutwa. Bi Pua hakuwahi kumsikia. Miaka thelathini mizima alimnusa ili asimsikie. Alitaka kusema karibu.

Halafu nyuma yake, ile nyingine ikaja. Tamu, nzito, ya nta na asali iliyofungiwa kabatini mwaka mzima. Ilikuwa kwenye kola na kwapani, lakini ilikolea zaidi kwenye bega la kulia, pale ambapo kitambaa kilikuwa kimelainika kwa kuguswa na pua yake. Mtoto wa miaka miwili angeisikia. Ilikuwa ikimpigia kelele mwaka mzima, yeye akiitumia kupumzikia.

Hakuutoa uso. Pumzi ya nne, ya tano. Kwenye ya sita utamu ulianza kufifia, na alijua maana yake. Haukuwa unaondoka. Ulikuwa unaanza kuwa wake tena. Pumzi kumi zaidi na asingeusikia kamwe, na koti lingekuwa sifuri, na sifuri ingekuwa starehe. Alivuta kichwa nje kwa nguvu za mtu anayejitoa kwenye tope, akafunga mafundo.

"Nipe mrija," alisema.

Jaribio la arobaini na mbili halikuwa na nta hata chembe. Mpima ardhi alinusa karatasi, akatabasamu, kisha tabasamu likakaa bila kukua.

"Ni yeye. Lakini ni yeye wa kwenye picha."

"Anapungukiwa nini?"

"Sijui, mama mdogo. Amekuwa msafi mno."

Bi Pua aliiangalia chupa ya nta kwenye rafu. Uutoe wote, utabaki na sabuni. Aliishusha, akaiinamisha, akahesabu moja, akaifunga. Mawili yalikuwa kipimo cha ua. Kwa mtu lilitosha moja. Alikoroga, akasubiri, akachovya karatasi mpya.

Binti alinusa. Mabega yake yalishuka. Alinusa tena akiwa amefumba macho, na aliponena alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Ni siku ile aliponipokea stendi. Mwaka jana, nilipokuja likizo ndefu. Tulikumbatiana mpaka watu wakatushangaa. Ndiyo hii hasa." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Ndiyo nataka nimkumbuke. Alikuwa mzima siku ile, au siyo?"

Bi Pua aliijua likizo ile. Aliijua na tarehe ya kwa daktari, iliyofungiwa kabatini ndani ya daftari: wiki tatu kabla ya likizo hiyo.

"Alikuwa mzima," alisema.

Walilifua koti pamoja uani, kwa sabuni ya mche, wakibadilisha maji mara tatu. Jumapili binti alisafiri na chupa yake imefungwa ndani ya soksi. Jumatatu Bi Pua alifungua duka, akamwandikia mwalimu wa hesabu kwamba chupa yake itatengenezwa upya, kisha akaketi. Alinusa waridi, mchaichai, msandali, waridi nyingine, karafuu. Pua ikachoka.

"Niazime bega," alisema, kwa mazoea, akageukia kushoto. Koti lilikuwa msumarini, jeupe, limepigwa pasi. Dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwepo, lakini koti halikuinama. Bi Pua alikunja mkono wake mwenyewe, akanusa kiwiko, akarudi kwenye mizani.